Sura ya Mtu ni Amana

Zifikapo likizo, vijana wetu wa pwani, na jamaa zao walioko bara hadi Nyacheki kule Kisii, huzama katika michezo ya kompyuta ambamo mchezaji hujivika uhusika wa shujaa. Mmojawapo, Pathfinder: Kingmaker wa mwaka 2018, humruhusu mchezaji kumtilia shujaa wake sura aitakayo. Kila sura hutengewa folda yake, yenye picha tatu: ndogo, ya kati na ya mwili mzima. Jina la faili likikosewa, mchezo hauitambui. Hivyo kijana hujifunza utaratibu, nalo ni jambo jema.

Linalotushughulisha ni zitokako picha hizo. Simu ya mama ina picha za harusini, na za mabinti waliovua ushungi wakiwa ndani kwao. Kijana huichukua moja bila nia mbaya, kisha mchezo ukachezwa mbele ya rafiki zake, au folda ikanakiliwa ikaenda nyumba nyingine. Mwenye sura hana habari.

Hatusemi mchezo upigwe marufuku. Kijana na achore shujaa wake mwenyewe, mwenye kanzu au buibui akipenda, kisha aupige picha mchoro huo. Nasi tuketi naye, tuifungue kila folda pamoja, tuulize: huyu ni nani, naye ameridhia? Asiyeridhia, picha yake na ifutwe, pamoja na nakala zake.