Fundi wa kabureta afunzwe mota mapema

Kila gereji ya pikipiki ninayoijua hapa Nakuru, kuanzia Bondeni hadi Free Area, inategemea kazi tatu: kumwaga oili, kusafisha kabureta, na kuweka pistoni na ringi mpya. Pikipiki ya umeme haina hata moja kati ya kazi hizo. Ndiyo maana nasema, na nitaendelea kusema mpaka mwenye bajeti anisikie, kwamba vyuo vya ufundi vya kaunti hii vianze kufundisha mota isiyo na brashi muhula ujao, na kwamba vinaweza kuanza na gari la kuchezea.

Mimi hufundisha umekanika katika chuo kidogo cha ufundi. Chombo kilichowafungua macho wanafunzi wangu kuliko kitabu chochote ni lori la rimoti alilokuja nalo binamu yangu anayefanya kazi Sharjah. Lina urefu wa nusu mita hivi, magurudumu manene na shoku nane, na lilitengenezwa kutumia mafuta ya nitro, yaani methanoli iliyochanganywa na nitromethani na oili. Injini yake inatosha kiganjani, lakini ni injini kamili: ina pistoni, kabureta na ekzosi. Plagi yake haitoi cheche. Ina waya mwembamba wenye platini unaopashwa kwa betri ndogo wakati wa kuwasha, kisha joto la mwako wenyewe huufanya uendelee kung'aa.

Kule Ghuba, usawa wa bahari, lilikimbia vizuri. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya tano. Injini iliyopimiwa mafuta kule chini ikifika huku hupata mafuta mengi kuliko hewa, ikatoa moshi, ikakohoa, ikazima. Mwendesha boda yeyote aliyewahi kupanda na mzigo kuelekea ukingo wa Menengai anaujua ugonjwa huo. Rafiki yangu wa Nairobi anayerusha ndege za mfano alinigawia mafuta kidogo, tukakaza skrubu ya kabureta taratibu huku tukisikiliza mlio, lori likakubali. Mafuta yalipoisha, mambo yakaishia hapo. Nitro haiuzwi katika kituo chochote cha petroli hapa mjini, wala huwezi kumtuma mtu akuletee kwenye begi la ndege, kwa sababu inashika moto upesi.

Wanafunzi ndio waliouliza kwa nini tusilitie stima.

Tuling'oa injini, tangi, ekzosi, klachi na kijimota kilichokuwa kikivuta kabureta. Breki ya diski nayo tuliitoa, maana mota ikiamriwa hujifunga breki yenyewe. Zikabaki chesi, giaboksi na difu mbili, ya mbele na ya nyuma. Mota haina miguu ya kukalia mahali pa injini, kwa hiyo mwanafunzi mmoja ambaye baba yake hufua masufuria ya alumini alikata bamba, akalikunja, akalitoboa. Matundu ya skrubu aliyafanya marefu badala ya mviringo, ili mota isogee mbele na nyuma kabla ya kukazwa. Wazo hilo lilikuwa lake mwenyewe, na bila hilo kazi yote ingeharibika. Gia ndogo ya mota lazima iumane na gia kubwa kwa nafasi finyu sana. Zikibana, joto hupanda na gia hulia. Zikilegea, meno hukatika. Tulichana ukanda wa karatasi ya daftari, tukauingiza kati ya gia hizo mbili, tukasukuma mota mpaka meno yakaiuma karatasi, tukakaza skrubu, kisha tukazungusha gia kwa mkono ili karatasi itoke. Ilitoka imekunjwakunjwa lakini haijatoboka. Hicho ndicho kipimo, na hakihitaji kifaa chochote cha kununua.

Halafu zikaja nyaya tatu. Mota ya kawaida ya vitu vya kuchezea ina nyaya mbili, na ndani yake brashi za kaboni husugua na kuisha. Hii haina brashi. Sumaku ndizo zinazozunguka, koili zimetulia, na kazi ya kupokeza umeme kutoka koili hadi koili hufanywa na kontrola, kisanduku kilichojaa transista. Nyaya tatu hutoka kwenye kontrola na tatu kwenye mota, na hakuna chanya wala hasi kati yake. Ziunge utakavyo, mota itazunguka. Ikizunguka kinyume, badilisha mbili zozote. Msichana mmoja ambaye darasani hunyamaza sana alibadilisha wa kwanza na wa pili, magurudumu yakageuka. Akabadilisha wa pili na wa tatu, yakarudi. Kisha akawaeleza wenzake sababu kwa kutumia vidole vitatu, akivitaja kwa zamu, kabla sijafungua mdomo. Nimefundisha injini kwa miaka mingi, na ni mara chache nimeona jambo gumu likieleweka upesi hivyo.

Hesabu nayo ilijipa maana. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.7, kwa hiyo seli tatu za betri yetu ni 11.1. Mota yetu huzunguka mara 2,000 kwa dakika kwa kila volti, basi ikiwa haina mzigo inakaribia mizunguko 22,200. Wanafunzi waliokuwa wakikimbia hesabu waligombania kikokotoo ili kujua mwendo wa gurudumu baada ya gia kupunguza. Kwa volti hizo kidole hakipigwi shoti, ingawa nyaya za betri zikigusana zinaweza kuchoma, na hilo lenyewe ni somo. Pikipiki nyingi za umeme zinazotembea barabarani hutumia volti 72. Hapo si mahali pa mwanafunzi kujifunzia kwa kubahatisha.

Na pikipiki hizo ndizo hoja yangu. Fungua gurudumu la nyuma la nyingi kati yake, utakuta nyaya tatu nene zile zile, pamoja na tano nyembamba za sensa zinazoiambia kontrola sumaku ziko wapi. Sensa moja ikifa, pikipiki hutetemeka na kusitasita wakati wa kuondoka, na mwenyewe huamini mota imekwisha. Sensa hiyo ni ndogo kama punje ya dengu. Fundi mwenye multimita na chuma cha kulehemu anaweza kuipata na kuibadilisha. Asiyejua atamwambia mteja anunue mota nzima, au atamrudisha kwa muuzaji, na siku za kazi zitapotea wakati mkopo wa pikipiki unasubiri kulipwa. Najua kampuni zinazouza pikipiki hizi huwafunza mafundi wao. Huwafunza kuhusu pikipiki zao. Kijana mwenye kibanda chake kando ya barabara ya Kiamunyi hayumo katika mafunzo hayo, na huyo ndiye anayeaminiwa na waendeshaji.

Wala si kutengeneza tu. Kugeuza chombo cha petroli kuwa cha umeme kumeshafanyika nchini humu, tena kwa magari mazito. Kampuni ya Opibus, ambayo tangu 2022 inaitwa Roam, ilianza Nairobi mwaka 2017 kwa kung'oa injini za magari ya safari na kuyawekea mota na betri. Tulichokifanya mezani kwa lori la nitro kina hatua zile zile: unatoa injini na tangi, unatengeneza mahali pa kukalia mota, unasawazisha uzito wa betri, unalinganisha gia na mwendo unaoutaka. Gari la barabarani linaongeza ukaguzi na kubadilisha maelezo kwenye logbuku ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na ni sawa iwe hivyo. Tuktuk zilizochoka ambazo wenyewe wameziegesha nyuma ya nyumba zinaweza kuwa kazi ya vijana wetu, iwapo kuna aliyewafundisha.

Lingekuwa jambo la ajabu kaunti hii kubaki nyuma katika umeme. Olkaria iko Naivasha, ndani ya kaunti yetu, na mtambo wake wa kwanza wa mvuke ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981. Mwaka 2023 mtambo wa megawati 35 ulianza kazi Menengai, mlima tunaouona kila tukiinua macho. Mvuke wa ardhini haulali; usiku, watu wakizima taa, mwingine huachiliwa hewani kwa kukosa mtumiaji. Mwaka huo huo nchi ilipata bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa uniti, na 8 wakati matumizi yamepungua, kabla ya kodi na tozo. Septemba ya mwaka huo petroli ilivuka shilingi 200 kwa lita kwa mara ya kwanza. Mwendesha boda hahitaji mwalimu wa kumfanyia hesabu hiyo, lakini anahitaji fundi.

Nimeambiwa kwamba elimu ni kazi ya serikali kuu. Hii siyo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Nimeambiwa pia kwamba betri za lithiamu ni hatari kwa wanafunzi. Ni kweli zinaweza kuwaka zikitobolewa au zikichajiwa kupita kiasi, na hiyo ndiyo sababu ya kufundisha. Betri zitaingia mjini, chuo kiwe tayari kisiwe tayari. Sisi huchajia zetu juu ya sakafu ya saruji, ndani ya chombo cha chuma, mtu akiwa karibu, na hakuna seli inayoruhusiwa kupita volti 4.2. Mwanafunzi aliyezoea hivyo atamkataza mteja kuchajia chini ya kitanda.

Kisheria, mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti hutakiwa kufika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1 kupita, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Katika wadi yangu nitaomba mambo mawili. La kwanza ni meza moja ya mota katika kila chuo cha kaunti: mota ndogo na kontrola zake, multimita, vyuma vya kulehemu, chaja nzuri, na gurudumu moja la pikipiki ya umeme la kufunguliwa na kufungwa. La pili ni masomo ya jioni kwa mafundi ambao tayari wako kazini, kwa sababu hakuna atakayefunga gereji saa nne asubuhi akaacha wateja ili aje kuketi darasani.