Land Rover za zamani: nani atazitunza mafundi wetu wazee wakiondoka?

Oktoba 2024 jiji la Arusha lilijaa Land Rover. Mamia ya magari yalipangwa msururu barabarani, watu wakapiga picha, watoto wakapungia mikono magari yenye umri kuliko baba zao. Tamasha lilipoisha wageni waliondoka, na mengi ya magari hayo yakarudi kwenye kazi zake za kila siku: kubeba mahindi, maziwa, mchanga na wagonjwa.

Tangu wakati huo swali moja limekuwa likirudi kwenye kipindi chetu. Msikilizaji ana Land Rover aliyoachiwa na baba yake. Inakosa nguvu mlimani, inatoa moshi, asubuhi haiwaki bila kusukumwa. Aitengeneze au aiuze kama chuma chakavu? Swali linaonekana la mtu mmoja, lakini ndani yake kuna habari za kodi, mafuta, spea na ujuzi unaopotea. Leo tunalieleza kwa kirefu.

Kwanza, sheria zinasemaje?

Wengi wanachanganya mambo mawili: gari la zamani linaloingizwa nchini na gari la zamani ambalo tayari liko nchini. Kenya hairuhusu kuingiza magari ya mtumba yaliyozidi miaka 8. Uganda ilizuia mwaka 2018 uingizaji wa magari yenye miaka 15 na zaidi. Hapa Tanzania mlango haukufungwa, lakini gari la mtumba lenye umri mkubwa hutozwa ushuru wa ziada.

Sheria hizo zinafanya kazi bandarini na mpakani. Hazimgusi mzee mwenye Land Rover ya mwaka 1974 iliyoegeshwa chini ya mwembe. Lakini zinamgusa kwa njia nyingine: kununua gari jingine ni ghali, kwa hiyo lile la zamani litaendelea kubeba mzigo wa familia, na wakati mwingine wa kijiji kizima. Masika barabara ikikatika, ndilo linaloitwa usiku mama mjamzito akizidiwa. Likilala, hakuna mbadala.

Kwa nini injini hizi zinatengenezeka nyumbani?

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 huko Amsterdam. Ya mwisho ya mtindo ule wa zamani, iliyoitwa Defender, ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 2016. Defender mpya ni gari jingine kabisa; mengi ndani yake yanaongozwa na kompyuta.

Injini ya petroli iliyoenea kwenye zile za zamani ni ya silinda 4, cc 2,286. Haina kompyuta. Ina kabureta inayochanganya mafuta na hewa, distribyuta inayogawa moto kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na tapeti unazoweza kuzifikia kwa kufungua kifuniko cha juu. Mtu mwenye spana, bisibisi na fila geji anaweza kufanya sehemu kubwa ya matunzo uani kwake.

Fila geji ndicho kifaa tunachosisitiza. Ni vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kwa injini hiyo ya cc 2,286, nafasi ya tapeti ni milimita 0.25, ya pointi kati ya 0.35 na 0.40, na ya plagi kati ya 0.75 na 0.80. Injini yako ikiwa ya aina nyingine, tafuta vipimo vyake, usiazime hivi. Mafundi wengine hukadiria kwa jicho au kwa kipande cha pakiti ya sigara. Gari litawaka, ndiyo, lakini litakula mafuta na kukosa nguvu, na mwenye gari ataambiwa injini imekufa kumbe pointi zimechoka.

Petroli ilibadilika, injini hazikubadilika

Hapa ndipo habari ya dunia inapoingia kwenye ua wa mkulima. Zamani petroli ilichanganywa na madini ya risasi. Risasi ni sumu, inaharibu ubongo wa watoto, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuitumia mwanzoni mwa mwaka 2006. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Ulikuwa uamuzi sahihi.

Lakini risasi ilikuwa na kazi moja ndani ya injini za enzi hizo. Iliacha utando mwembamba kwenye kiti cha valvu, pale valvu inapogonga ikifunga. Bila utando huo, baadhi ya injini za zamani, zile ambazo viti vyake si vya chuma kigumu, huliwa polepole. Kadiri kiti kinavyoliwa, valvu inazama na nafasi ya tapeti inapungua. Nafasi ikiisha kabisa, valvu haifungi vizuri, inaungua, na nguvu inapotea. Mzigo mzito na mwendo mkali huharakisha uharibifu huo.

Ndiyo maana mafundi wazee wanasema tapeti inayolia kidogo ni bora kuliko iliyo kimya. Ukimya unaweza kuwa dalili kwamba nafasi imekwisha. Kama kila ukipima unakuta nafasi imepungua, injini yako ni mojawapo ya hizo. Dawa ya kudumu ni kupeleka silinda hedi kwa fundi wa mashine mjini aweke viti vya chuma kigumu. Kazi hiyo haifanyiki nyumbani, na ina gharama, lakini inafanyika mara moja.

Jambo la pili ni uchakachuaji. Tangu mwaka 2010 mafuta ya magari hapa nchini huwekewa vinasaba ili kubaini yaliyochanganywa. Hatari kubwa kwetu vijijini ni petroli ya kwenye chupa na madumu, ambayo imepita mikono mingi. Ikichanganywa na mafuta ya taa, injini hugonga, plagi huwa nyeusi na oili hupoteza uzito. Ukichomoa kijiti cha oili kikanuka petroli, usiendelee na safari ndefu.

Kazi ndogo zinazookoa kazi kubwa

Tumekaa na mafundi kadhaa kwenye gereji za pembezoni mwa barabara, na wote wanakubaliana kwamba injini nyingi haziuawi na uzee. Zinauawa na vumbi, maji na oili.

Vumbi: Land Rover nyingi za zamani zina kopo la kusafishia hewa lenye oili chini yake. Vumbi hunasa humo. Kiangazi, kwenye barabara za udongo, lifungue kila wiki. Ukikuta tope, safisha na uweke oili mpya mpaka kwenye alama. Vumbi likipita, linasaga pistoni na ringi kama msasa.

Maji: kagua rejeta kila asubuhi injini ikiwa ya baridi. Kamwe usifungue mfuniko injini ikiwa imechemsha. Mvuke wake umewaunguza wengi. Maji yakipungua kila siku na hayavuji chini, shuku gasketi ya silinda hedi.

Oili: angalia kijiti kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare. Badilisha oili pamoja na filta, na kwenye vumbi usisubiri kilomita zinazotajwa kwa barabara ya lami. Oili chafu usiimwage shambani wala karibu na kisima. Itunze kwenye dumu na uipeleke kwa wanaokusanya mjini.

Kwa usalama, chomoa waya wa betri kabla ya kugusa nyaya, usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, na usifungue kabureta karibu na jiko la mkaa.

Je, inalipa?

Tuseme ukweli. Injini hiyo ya petroli hula lita moja kwa kilomita 5 au 6, na kila mwezi EWURA ikitangaza bei kikomo za mafuta, mwenye Land Rover hushika kichwa. Kwa safari za kila siku za mtu mmoja, hailipi. Kwa mzigo na njia mbovu, bado ina hoja. Ndiyo maana wengine huweka injini ya dizeli ya gari jingine. Ukifanya hivyo, kumbuka kadi ya gari ina namba ya injini. Toa taarifa TRA kabla hujasimamishwa barabarani ukashindwa kujieleza.

Tunachokiona kama pengo kubwa zaidi ni watu. Sheria hupima umri wa gari, lakini hakuna anayepima umri wa mafundi. Wanaojua kuseti pointi na tapeti wengi wana mvi, na vijana wanajifunza magari ya kompyuta, kwa sababu ndiko kwenye kazi. Hawakosei. Lakini bila mtu wa kurithi ujuzi huu, gari zima litakuwa chuma chakavu.

Njia ipo. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi mitaani bila kupita darasani. Fundi wa chini ya mwembe akipata cheti, anaweza kuaminiwa na halmashauri, shule au shirika, na kijana ataona faida ya kukaa naye. Tamasha la Arusha lilisifu magari. Sasa halmashauri zetu ziwatafute mafundi wenyewe, wangali na nguvu za kufundisha.

Na wewe, ndugu msikilizaji mwenye gari la baba uani, anza na kijiti cha oili kesho asubuhi. Na siku fundi akija kuseti tapeti, mwite mwanao, wa kiume au wa kike, amshikie fila geji.