Njia za baiskeli Karura: tatizo ni maji, si magurudumu

Hoja kwamba baiskeli ndizo zinazochimba mifereji katika njia za Msitu wa Karura, jijini Nairobi, inastahili kupimwa upya, kwa kuwa mmomonyoko, yaani kuchukuliwa kwa udongo wa juu na maji, hutegemea zaidi jinsi njia ilivyochorwa kuliko chombo kinachopita juu yake. Njia inayoshuka moja kwa moja bondeni hugeuka mkondo wakati wa masika, iwe inatumiwa na waendesha baiskeli au na watembea kwa miguu, ilhali njia inayofuata kontua, yaani mstari unaounganisha sehemu zenye kimo sawa, huku ukingo wake wa chini ukiinamishwa kidogo, huyamwaga maji kando kabla hayajapata kasi. Ni kweli kwamba mwendeshaji anayekaza breki ya nyuma na kuliburuza gurudumu mteremkoni huukwangua udongo mwekundu ulioloa, na kwa sababu hiyo kuzifunga njia zenye mteremko mkali kwa siku chache baada ya mvua kubwa ni hatua ya busara. Lakini kuwaondoa waendeshaji wote ni kuwanyima wakazi msitu wa takriban hekta 1,000 ambao mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka 1999 wakiutetea usigawiwe wajenzi. Kinachotakiwa kutangulia ni kuzihamisha njia zinazoshuka wima hadi mtoni, kisha kupanda miti ya asili katika zile zilizoachwa.