Mtungi Uje Mwisho

Sisi tunaotoka pwani tuna ugonjwa mmoja tukifika Dodoma: tunahesabu siku za kuiona bahari kama wengine wanavyohesabu siku za bumu. Mimi nimekaa hapa miaka mitatu, na maji mengi niliyowahi kuzamia ni ndoo ya hosteli, nayo ni siku maji yanapotoka. Kwa hiyo likizo ndefu iliyopita nilipanda treni ya SGR mpaka Dar, nikavuka na boti kwenda Unguja nikiwa na jambo moja kichwani. Narudi kupiga mbizi, na safari hii siendi peke yangu. Nataka nyumba yetu iwe na vifaa vyake.

Nikisema kuzamia sina maana ya kuzamia sherehe za watu, wala kuzamia meli kwenda Ulaya. Nazungumzia kushuka chini ya bahari na mtungi wa hewa mgongoni. Najua wapo wenzangu wa Tanga, Mafia, Pemba na Mtwara wenye wazo kama langu, na ndio ninaowaandikia. Maoni yangu nayasema mapema ili asiyekuwa na muda asome hapa aondoke: familia inayotaka kwenda chini inunue vifaa kwa mpangilio ulio kinyume na tamaa yake. Mtungi uje mwisho.

Baba yangu ni nahodha wa boti inayopeleka wageni kwenye matumbawe. Mimi nimekulia kwenye karo la kuoshea vifaa. Nimesuuza reguleta kwa maji ya bomba, nimeanika majaketi ya kuelea, nimebeba mitungi mpaka bega likaota sugu. Nilipomaliza sekondari, mwalimu mmoja pale alinionea huruma akanifundisha, nikapata cheti cha mwanzo kinachoruhusu kushuka hadi mita 18. Nikazama kama mara ishirini na tano, kisha nikaja chuo. Vijana wengi niliobeba nao mitungi hawajawahi kuona kilichoko chini hata siku moja, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Hawashindwi kwa woga. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba na wao wanaweza.

Kwa hiyo niliporudi nyumbani nilikuwa na hoja, na hoja yangu ilikuwa na nguvu. Mbona wageni wazame, sisi tusizame? Baba akakubali. Mdogo wangu wa kike, ana miaka 16, alikubali kabla sijamaliza sentensi. Mama hakusema kitu, lakini pesa ya mchezo wake akaitoa. Mimi nikaongeza kilichobaki kwenye bumu. Tukapata jamaa mjini anauza seti tatu kamili za mtumba: mitungi, reguleta, majaketi, mikanda ya risasi. Kila kitu, milioni mbili na nusu. Tukavileta nyumbani tuvitazame kwanza, tukavipanga barazani. Vilipendeza, nisiseme uongo. Mdogo wangu alivaa jaketi akawa anatembea nalo uani.

Jioni akaja ami.

Inabidi niwaambie kuhusu ami. Zamani alikuwa anazamia majongoo ya bahari. Sisi hatuyali, yanakaushwa na kupelekwa Asia, na bei yake ndiyo inayowafanya watu wasahau roho zao. Walikuwa wanashuka na mitungi ya kuazima, bila geji wala saa, mara nne au tano kwa siku. Waliijua hewa imekwisha pale inapokuwa nzito kuvuta, wakapanda mbio. Siku moja alipanda, akakaa kwenye ngalawa, akaona miguu haimsikii. Watu wakasema amepigwa na shetani wa baharini, akatafutiwa mganga. Hakukuwa na shetani. Ukiwa chini, naitrojeni iliyomo kwenye hewa unayovuta inayeyuka ndani ya mwili. Ukipanda polepole inatoka kwa amani. Ukipanda haraka baada ya kukaa sana, inafanya mapovu ndani ya damu na mishipa, kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa ghafla. Ami leo anatembea kwa mkongojo.

Nikamwamkia, akaitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye mitungi. Akapapasa bega la mtungi mmoja akasoma tarehe zilizogongwa kwenye chuma. Ya mwisho ilikuwa ya 2011.

"Huu umepimwa lini?"

Nikanyamaza.

"Na hizi za kuvutia hewa, fundi kazifungua lini?"

"Ami, jamaa anasema ziko poa."

"Na huyu mtoto atafundishwa na nani?"

Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: "Na mimi."

Akanitazama, akasema maneno ambayo yaliniudhi wiki nzima: "Wewe mwenyewe nenda kajaribu kwanza. Hapo hapo ufukweni, usiende mbali."

Nilikwenda kwa hasira, nia yangu nimwonyeshe. Mwalimu wangu wa zamani akanipa vifaa vya pale kazini kwao, tukashuka mita 4, maji meupe, mchanga chini. Zoezi la kwanza ni la mtoto wa darasa la kwanza: ingiza maji kwenye miwani, kisha puliza kwa pua yatoke. Nimelifanya mara mia. Maji yakaingia puani, nikakohoa, nikaziba pumzi, miguu yenyewe ikaanza kupiga kwenda juu. Mwalimu alinidaka kwa mkanda wa jaketi akanishikilia, akanionyesha kwa mkono: vuta, toa, vuta, toa. Labda ilikuwa sekunde kumi. Kwangu ilikuwa muhula mzima.

Asiyejua atauliza mita 4 zina nini. Zina mengi. Kila mita 10 za maji zinaongeza shinikizo sawa na la hewa yote iliyo juu yetu. Hewa unayoivuta kutoka kwenye mtungi ukiwa mita 10 inakuwa mara mbili ya ujazo wake ukifika juu. Mabadiliko makubwa kuliko yote yapo hapo karibu na uso wa maji, na mapafu yaliyofungwa hayana pa kuipeleka. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya mchezo huu ni usizibe pumzi kamwe. Mimi niliyejiita mwalimu wa mdogo wangu niliivunja siku ya kwanza, mahali ambapo ningeweza karibu kusimama. Sasa fikiria ningekuwa mita 12, na reguleta ya mtumba, na yeye pembeni ananitazama mimi nifanye nini.

Tulirudisha seti zote tatu. Jamaa alinuna, akakata laki moja ya usumbufu. Ni ada ndogo kwa somo lile.

Basi huu ndio mpangilio ninaoutetea.

Kwanza, nunua mafunzo. Aliyekaa muda mrefu bila kuzama arudie mazoezi na mwalimu, hata kama ana cheti. Asiyewahi aanze mwanzo. Mashirika kama PADI yanapokea watoto kuanzia miaka 10, lakini wa miaka 10 na 11 hawavuki mita 12 na lazima wawe na mzazi au mtaalamu. Kabla ya maji kuna karatasi ya afya, msiijaze kwa uongo. Baba yangu ana presha, akaambiwa alete barua ya daktari. Hajaileta bado, kwa hiyo bado anaendesha boti, na hakuna aliyekufa kwa kusubiri.

Pili, kila mtu awe na miwani yake na mapezi yake. Hivi vinategemea sura na mguu wako. Miwani iliyomkaa kaka inamvujia dada. Iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua. Ikishika imekukaa, ikidondoka si yako.

Tatu, kila mtu awe na kompyuta yake ya mbizi, ile inayovaliwa kama saa. Inapima kina na muda, inakadiria naitrojeni mwilini, inapiga kelele ukipanda haraka. Msichangie. Watu wawili wakishuka pamoja mmoja anaweza kukaa chini zaidi ya mwenzake, na kompyuta haiwezi kukisia mwili usioivaa.

Nne, reguleta na jaketi, moja moja, kadiri pesa inavyopatikana, na fungu la sevisi likiwa limetengwa kabla ya kununua. Kama huna pesa ya fundi huna pesa ya reguleta.

Mwisho kabisa, mtungi. Tairi la gari dogo lina shinikizo la bar 2 na kidogo. Mtungi uliojaa una bar 200. Kitu hicho kinatakiwa kupimwa kwa shinikizo la maji kila baada ya miaka michache na kukaguliwa ndani kila mwaka. Na hata ukiwa nao, bado utakwenda kujaziwa kwa mwenye kompresa. Kodi wa kwake.

Kuna watakaosema kukodi kila mara ni kumaliza pesa. Tupige hesabu tunazozijua. Mtungi wa lita 12 wenye bar 200 una hewa lita 2,400. Acha bar 50 za akiba, unabaki na lita 1,800. Mtu mtulivu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu, chini mita 20 anatumia mara tatu, yaani lita 60. Anapata dakika 30. Mwenye hofu anayehema lita 30 anapata dakika 20. Kwa hiyo pesa ya mafunzo ndiyo inayokuongezea hewa. Mtungi wa kwako hauongezi hata dakika moja.

Wengine watasema wazee wetu walizama bila kompyuta. Kweli, wazee walizama kwa pumzi moja, na pumzi moja ina hatari zake. Lakini mara walipoanza kuvuta hewa ya mtungi bila kujua kanuni zake, tuliwapata kina ami. Na wapo wanaosema mtoto wa kike hana shughuli chini ya bahari. Mama naye alikuwa upande huo kimyakimya, mpaka alipomwona binti yake ndani ya suti ya mpira na kofia yake. Akasema mbona hii inasitiri kuliko sare ya shule. Mjadala ukafungwa.

Jambo la mwisho ni la sisi wa Dodoma hasa. Wengi wanajua kwamba ukizama usipande ndege siku hiyo. Ushauri wa kawaida kwa aliyezama zaidi ya mara moja ni kusubiri angalau saa 18. Wachache wanafikiria treni. Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ukizama Nungwi asubuhi, ukawahi boti ya mchana na SGR ya jioni, usiku umeshapanda mlima na naitrojeni yako mwilini. Jumapili ya kurudi chuo iwe ya kula pweza, mbizi ziishe Jumamosi.

Pesa iliyorudi ililipa kozi ya mdogo wangu, mazoezi yangu ya kurudia, miwani miwili na kompyuta moja. Kompyuta ya pili nadunduliza, na mpaka ipatikane hatuzami pamoja: mmoja anashuka na mwalimu, mwingine anabaki kwenye boti. Siku yake ya kwanza baharini alishuka mita 6. Ami alitaka kuja, tukambeba mpaka kwenye boti, akakaa kando ya baba akitazama mapovu yake yanavyopanda. Alipotoka, ami hakumuuliza ameona nini. Alimuuliza umepanda kwa muda gani. Mdogo wangu akanyoosha mkono akamwonyesha kompyuta.