Chatu aliyekatwa kwa jembe naye atibiwe

JICHO LA PWANI
Na Riziki Charo

Msomaji wa safu hii aliye upande wa Ganze ameniuliza swali ambalo sitaki lipite hivi hivi. Walikuwa wakilima, jembe la jirani yake likampata chatu aliyejikunja chini ya kichaka na kumchana ubavu. Vijana wakaja na mapanga wammalize. Yeye akawazuia, kisha akakwama: ukishazuia panga, unafanya nini? Nyoka alijikokota akaingia shimoni, na hakuna ajuaye kama alipona.

Jibu langu ni kwamba nyoka aliyejeruhiwa anastahili tiba, na tiba hiyo si kazi ya mwenye shamba wala ya mwandishi wa gazeti. Ni kazi ya watu waliofunzwa, na watu hao ni wachache mno hapa Pwani.

Najua litakalofuata, nalo ni swali la haki. Zahanati nyingi za vijijini hazina dawa ya sumu ya nyoka. Mama akikanyaga kifutu akitoka kisimani hubebwa kwa bodaboda hadi hospitali ya mbali, na pengine huko nako dawa imekwisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Iwapo binadamu wanakosa dawa, nyoka atibiwe kwa lipi? Aliyezika mtoto kwa sumu ya nyoka sitamhubiria huruma. Ninachomwambia ni kwamba ujuzi wa kumtibu nyoka na ujuzi wa kumwokoa aliyeumwa hutoka kwa watu wale wale.

Watamu ni ushahidi. Kituo cha Bio-Ken kilianzishwa huko mwaka 1980 na James Ashe, aliyewahi kufanya kazi na nyoka katika makumbusho ya taifa Nairobi, pamoja na mkewe Sanda. Nyoka akionekana ndani ya nyumba za eneo hilo, watu wa kituo huitwa wakamwondoa bila malipo, na mikono hiyo hiyo imefunza wahudumu wa afya na kusaidia walioumwa kupata dawa. Haiwezi kuwa vinginevyo. Dawa ya sumu hutengenezwa kwa sumu iliyokamuliwa kwa nyoka aliye hai: farasi hudungwa kiasi kidogo kidogo mpaka damu yake ijenge kinga, na kinga hiyo ndiyo inayosafishwa na kutiwa kwenye chupa. Asiyeweza kumshika fira akiwa hai hatatupatia dawa ya fira. Na asiyemtambua nyoka wa nyumbani, yule wa rangi ya udongo anayekula panya na asiye na sumu ya kumdhuru mtu, atawatia watu hofu ya bure usiku kucha.

Sasa turudi kwa mgonjwa mwenyewe, kwa sababu wengi hudhani nyoka hatibiki. Hutibika, ila polepole mno. Mwili wake haujitengenezei joto la kutosha. Hulipata kwa jua na ardhi. Akiwekwa penye baridi, kinga yake hulegea na hata dawa haifanyi kazi ipasavyo. Kwa hiyo tiba huanza na joto: sanduku lenye upande wa joto na upande wa baridi, achague mwenyewe pa kulala. Chini hutandikwa magazeti, si mchanga, maana mchanga huingia kidondani. Kisha maji, kwa kuwa mara nyingi majeruhi huwa amekauka. Jeraha huoshwa, mayai ya nzi na funza hutolewa, na udongo ulionasa chini ya magamba huondolewa kwa subira. Nyuzi ambazo kwa mbwa zingetolewa baada ya wiki mbili hivi, kwa nyoka huachwa wiki sita au zaidi. Seftazidimu, mojawapo ya antibiotiki zinazotumiwa sana kwa nyoka, hudungwa mara moja tu kila baada ya siku tatu, kwani mwili wake huichuja taratibu. Tena sindano hupigwa nusu ya mbele ya mwili, kwa sababu damu itokayo nyuma inaweza kupitia kwenye figo kwanza, na dawa ikapotea kabla ya kuzunguka.

Mwenye huruma asiye na ujuzi hukimbilia kumlisha. Asimlishe. Chatu mkubwa anaweza kukaa miezi bila chakula, na aliye na jeraha na hofu atatapika alichomezeshwa. Mbavu zilizovunjika huunga zenyewe akitulia. Uti wa mgongo ni jambo jingine: picha ya eksirei ikionyesha umekatika na sehemu ya nyuma imekufa, daktari wa mifugo humpumzisha kwa sindano, nami naona huo ni uungwana. Wanaopona hujivua gamba, mara nyingi kabla ya wakati wao wa kawaida, na kila gamba jipya hulipunguza kovu. Baada ya hapo hurudishwa karibu na alipookotwa. Nyoka akihamishiwa mbali, pori asilolijua, hutangatanga akitafuta maficho na windo, na wengi hufia huko.

Mfugaji wa mbuzi ataniuliza faida ya kumrudisha mwizi wake. Ni kweli, chatu hula mbuzi na kuku, na hasara hiyo inauma. Lakini chakula chake ni pamoja na panya na ndezi wanaotuvunia mihogo na mahindi kabla yetu. Tena si kiumbe kisicho na ulezi. Mwaka 2018 mtafiti Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand alieleza jinsi chatu jike wa kusini mwa Afrika anavyoatamia mayai yake, akitoka kuota jua na kurudi kuyapasha joto, kisha hukaa na watoto takriban wiki mbili baada ya kuanguliwa. Jembe likimuua huyo, linaangamiza kiota kizima.

Kwa msomaji wa Ganze na wengine, ikitokea tena, rudini nyuma. Watoto na mbwa waondoke, mtu mzima mmoja abaki akimwangalia kwa mbali, na msimfuate shimoni. Msimmwagie mafuta ya taa wala kumfunga kamba. Msimpeleke nyumbani hata kwa nia njema: Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kufuga mnyamapori bila kibali, na nyoka mwenye maumivu huuma. Chatu hana sumu lakini meno yake huchana nyama vibaya. Kama mna shaka ni nyoka gani, mchukulieni kuwa ana sumu. Pigeni simu kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Hapo ndipo lawama inapotoka kwa mwenye shamba na kuwaendea wenye madaraka. Simu inapigwa, lakini kutoka kituo cha askari hadi kijijini ni mbali, na gari likifika nyoka ameshauawa au ametoweka. Naziomba serikali za kaunti za Kilifi, Kwale na Tana River, pamoja na KWS, zifunze angalau vijana wawili katika kila wadi na kuwapa fimbo za kushikia nyoka, sanduku, miwani ya kuzuia mate ya fira na njia ya kumfikia daktari wa mifugo. Vijana hao hao wajue pia kumtuliza aliyeumwa na kumfikisha hospitali upesi bila kumchanja wala kumfunga kamba mguuni. Bajeti zikiandaliwa, madiwani wetu waulizwe kuhusu jambo hili, na dawa ya sumu kwenye zahanati iulizwe katika kikao hicho hicho.