Kupanda Mlima Ugenini, Kurudi Kijiweni



Kuna fikra inayopendeza masikioni, nayo ni kwamba kijana aliyeachana na dawa za kulevya atapona akipelekwa mbali. Atolewe Mtwara, apandishwe ndege pamoja na wenziwe, wakatembee milimani katika nchi ya watu kwa majuma mawili matatu, walale mahemani, wapigwe na baridi, kisha warudi wakiwa watu wapya. Wafadhili huipenda fikra hii kwa sababu inapigika picha. Wazazi huipenda kwa sababu wamechoka. Sisi hatuipendi, na tutasema kwa nini bila kumung'unya maneno.

Hatukatai kwamba kutembea kuna faida. Mwili uliozoea kudai kete kila baada ya saa chache hujifunza upya njaa, uchovu na usingizi wa kweli. Huko Ubelgiji shirika la Oikoten lilianza mwaka 1982 kuwatembeza kwa miguu hadi Santiago de Compostela, Hispania, vijana waliokosana na sheria. Huko Ufaransa Bernard Ollivier, mwandishi wa habari mstaafu aliyetembea kutoka Istanbul hadi Xi'an, alianzisha mwaka 2000 shirika la Seuil, yaani Kizingiti. Humo kijana mmoja hufuatana na mtu mzima mmoja, kwa muda wa miezi mitatu hivi, zaidi ya kilomita 1,500, bila simu. Itazameni vema hesabu hiyo: mtu kwa mtu, miezi mitatu. Je, safari tunazopendekezewa zinafanana nayo? Kundi zima chini ya kiongozi mmoja kwa siku kumi na nne ni matembezi ya watalii, hata likiitwa tiba. Na anayedhani kwamba nyika yenyewe ni mganga na akumbuke yaliyotokea Februari 2024 katika jimbo la North Carolina, Marekani: mvulana wa miaka 12 alifariki usiku wake wa kwanza katika kambi ya nyikani ya vijana wenye matatizo ya tabia, na serikali ya jimbo ikaifutia kambi hiyo leseni.

Lakini hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Wamakonde na Wamakua walijua zamani namna ya kumtoa kijana nyumbani ili abadilike. Waliita jando. Askofu Vincent Lucas wa Masasi, wa Kanisa la Anglikana, aliona nguvu yake, akalitia katika sura ya Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Nguvu hiyo ilikuwa wapi? Si porini tu. Ilikuwa katika siku ya kutoka: kijiji kizima kinangoja, ngoma zinalia, kijana ana jina jipya na mlezi anayejulikana, na kila mtu analazimika kumtendea kama mtu mwingine. Pori lilikuwa nusu ya kazi, na nusu ya pili iliwaelemea waliobaki nyumbani. Safari ya ugenini yaichukua nusu ya kwanza na kuiacha ya pili uwanja wa ndege.

Nusu hiyo iliyoachwa ndiyo inayoua, wala hatutii chumvi. Mwili uliokaa majuma kadhaa bila heroini hupoteza uwezo wa kuihimili. Kiasi ambacho kijana alikitumia zamani akasimama, leo chaweza kumkata pumzi. Kwa hiyo juma la kurudi ni la hatari kuliko majuma yote ya mlimani. Anashuka stendi, anakuta kijiwe kilekile, marafiki walewale, na jina lilelile la "teja" ambalo hata watoto wanamwita. Ikiwa amerudi msimu wa mabibo, uraka uko kila mji na gongo haiko mbali; naye ataambiwa kwamba huo si unga, anywe tu. Nani amesimama kando yake saa hiyo? Mfadhili ameshapata picha zake.

Tena kuna wale ambao safari haiwatambui kabisa. Tiba ya methadoni, iliyoanza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011 na kuenea mikoani miaka iliyofuata, kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Anayeitumia hawezi kuibeba begani akapotea milimani majuma mawili. Basi anaachwa, na anayekwenda ndiye anayehesabiwa kuwa amepona kweli, kana kwamba mwenzake anayefika kliniki kila asubuhi ni mdhaifu. Huo ni udhalimu. Kuamka kila siku, kutafuta nauli na kupanga foleni mwaka mzima ni mwendo mgumu kuliko kilele chochote. Na kijana wa Msimbati hawezi kunywa kila asubuhi dawa iliyoko Muhimbili, zaidi ya kilomita 550 kutoka hapa. Dawa ya kila siku iliyo mbali na kitanda cha mgonjwa ni sawa na hakuna.

Sumu yenyewe haioni umbali huo. Inapakiwa katika majahazi kwenye pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, ikavuka Bahari ya Hindi hadi pwani yetu. Januari 2012 zilikamatwa zaidi ya kilo 200 za heroini katika mkoa jirani wa Lindi. Bahari inayoleta unga mlangoni ni yetu. Kwa nini uponyaji utafutwe ughaibuni?

Wapo watakaosema: basi wavuke Ruvuma tu, huko nako ni ng'ambo. Hapana. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado imekumbwa na vita, na Oktoba 2020 washambuliaji walivuka mto wakaua watu Kitaya, upande wetu. Kijana asiye na kazi wala matumaini ni windo la wanaoandikisha wapiganaji. Hatutamsogeza karibu nao kwa jina la tiba.

Njia za kutembea tunazo. Livingstone alianza safari yake ya mwisho Mikindani mwaka 1866, nasi tunapita hapo kila siku bila kuona kitu. Kutoka Mikindani hadi mchanga wa Msimbati ni mwendo wa siku chache kwa miguu, na vijijini njiani wamo wazee, wavuvi na mafundi mitumbwi. Watembee humo, kila kijana na mtu mzima wake, wakilala kwa watu watakaowajua kwa majina na kukutana nao tena sokoni mwezi ujao. Gharama ya tikiti moja ya ndege ingewalisha wengi.

Kwa hiyo tunayaomba mabaraza ya parokia, misikiti jirani na serikali za vijiji jambo moja. Kabla ya fomu ya pasipoti kujazwa, yaandikwe majina ya watu watatu kwa kila kijana: atakayempokea stendi, atakayempa kazi au nafasi katika chombo chake Jumatatu inayofuata, na mhudumu wa afya atakayemwona kila juma. Likikosekana hata moja, hatutatia sahihi barua yoyote ya safari.