Mume, mke na seva

Najua wengi wenu mlitegemea mwezi huu niendelee na ile mada ya wakwe na michango ya sherehe, lakini naomba mnivumilie. Kuna jambo limetokea nyumbani kwangu, na kwa kuwa kila mwezi nawahubiria hapa kwamba msifichane, siwezi kulifunika la kwangu. Tatizo ni kwamba huwezi kulielewa bila kuongelea kompyuta kidogo. Kina dada, msifunge jarida! Mimi ni mhasibu, si fundi, na nimeifanya kazi hii mwenyewe kwa mikono yangu.

Yalianza na baba yangu. Alifariki mwaka 2021, na picha zake za mwisho akiwa na afya njema tulizipiga Krismasi ya 2019 kule Lushoto. Amevaa sweta lake la kijani, amempakata Neema, wanacheka wote wawili. Picha zile zilikuwa sehemu moja tu, kwenye laptopu ya nyumbani. Siku moja umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, na laptopu ikaanza kutoa mlio kama saa ya ukutani. Tik, tik, tik. Fundi akaifungua, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Pole dada, diski ndiyo imekufa hivyo." Tulichookoa ni picha kumi na tano zilizokuwa zimetumwa kwa shangazi zangu kwenye WhatsApp, na si unajua WhatsApp inavyozibana picha. Ukizikuza, uso wa baba unakuwa kama umechorwa kwa maji.

Nililia siku mbili. Baba Neema akasema tulipie nafasi ya kutunzia vitu mtandaoni. Tulishawahi kulipa, muda ukaisha, tukasahau. Halafu piga hesabu: picha na video za miaka minane, kuzipandisha zote kwa bando? Mdogo wangu Musa, yeye kasomea mambo hayo, ndiye akanipigia simu na kuniambia, "Dada, nunua kompyuta kuukuu ya ofisini, weka Linux, iwe seva ya nyumbani. Mimi nitakuelekeza kwa simu."

Seva ni kompyuta isiyolala, basi. Inakaa kona, haihitaji kioo wala kibodi, kazi yake ni kutunza vitu na kuwapa wenye ruhusa wanapoviomba kupitia ruta ya ndani. Linux ndiyo programu endeshi, kama ilivyo Windows, ila hii ni ya bure. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds. Watu huichukua kiini hicho wakakifungasha kwa namna tofauti, na mfungasho alionichagulia Musa unaitwa Debian.

Sasa hapa kidogo, maana ni mambo yetu kabisa. Debian ilianzishwa mwaka 1993 na kijana wa Marekani aitwaye Ian Murdock, na jina alilitoa kwenye jina la mpenzi wake wa wakati ule, Debra, akaliunganisha na lake: Deb na Ian. Walioana, baadaye wakaachana. Ian alifariki mwaka 2015. Jina lao lipo mpaka leo kwenye mashine zisizohesabika dunia nzima. Nilipomsimulia Baba Neema akacheka, akasema, "Bora sisi tuliandika kwenye keki tu."

Basi bwana, Jumamosi moja tukaenda Kariakoo, tukapata kompyuta ya mezani iliyotumika, RAM ya GB 8, inatosha na kubaki. Tukaongeza diski ndogo ya SSD kwa ajili ya mfumo, na diski mbili kubwa za TB 2 kila moja. Hizo kubwa tulinunua mpya. Kompyuta kuukuu sawa, ila diski kuukuu ya kutunzia picha za marehemu, hapana. Baba Neema, mzee wa LUKU, akauliza itakula umeme kiasi gani. Yetu ikiwa imetulia inakula kama wati 40. Zidisha kwa saa 24, ni karibu uniti moja kwa siku, uniti 30 hivi kwa mwezi. Akaguna, akakubali.

Kuisimika si kazi ya kutisha. Unapakua faili la Debian, lile dogo lisilofika GB 1, unaliandika kwenye flashi kwa programu kama Rufus, unachomeka, unawasha na kuiambia kompyuta ianzie kwenye flashi. Musa alinipa ushauri mmoja ambao nawapa na nyie: zichomoe kwanza zile diski kubwa, uache SSD peke yake, ili hata ukikosea usiwe na cha kufuta. Maswali mengi ni ya kawaida, nchi, saa, jina. Ikifika kwenye nywila ya root, yaani yule bwana mkubwa mwenye ruhusa zote, niliacha wazi. Ukiacha wazi, root anafungiwa, na mtumiaji wa kwanza, ambaye ni mimi, anapewa uwezo wa kutumia neno sudo kufanya kazi za bwana mkubwa. Likumbukeni hilo neno. Mwishoni inauliza unataka programu zipi. Toa alama kwenye zile za mapambo ya kioo, weka kwenye SSH, inayokuwezesha kuingia kwenye seva ukiwa umekaa na laptopu kwenye kochi.

Ikawaka. Kioo cheusi, maandishi meupe, kijistari kinakonyeza. Baba Neema akachungulia: "Imeharibika?" Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa iwe. Naandika nywila, hakitokei kitu, hata nyota moja. Nikapiga simu kwa kihoro, Musa akacheka mpaka nikakasirika. Linux haionyeshi nywila unapoiandika, hivyo tu. Mashine tukaiita "bibi", kwa sababu inatunza vitu vya watu wote na haitoki nyumbani.

Diski mbili kubwa nikazifunga pamoja kwa programu inayoitwa mdadm, mtindo wa RAID 1. Maana yake kila kinachoandikwa kwenye diski moja kinaandikwa na kwenye ya pili saa hiyohiyo, kwa hiyo moja ikifa nyingine inaendelea. Kulinganisha TB 2 kulichukua kama saa nne, nimekaa nazitazama asilimia zinavyopanda kama mtu anayesubiri wali uive. Halafu Samba, hiyo ndiyo inayofanya simu na laptopu za Windows zizione folda za seva. Hapa nilipoteza jioni nzima. Nywila naijua, inakataa! Kumbe Samba ina nywila zake yenyewe, unazipanga kwa smbpasswd, hazihusiani na ile ya kuingilia.

Kosa kubwa lilikuja wiki ya pili. Kuna faili linaitwa fstab linaloiambia mashine ifungue diski zipi inapowaka. Niliandika herufi moja vibaya, sikugundua, na umeme ulipokatika na kurudi bibi akagoma kuamka. Ikabidi nimrudishie kioo na kibodi, nirekebishe ile herufi, na niongeze neno nofail ili siku nyingine diski ikikosekana aamke hivyohivyo. Ndipo tukanunua na UPS. Tungeanza nayo.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe.

Kwenye Linux kila faili lina mwenyewe, lina kikundi, na kuna watu wengine, na kila mmoja unampangia: asome, aandike, au asiguse. Nikatengeneza folda tatu. Moja ya mama, moja ya baba, moja ya kikundi nilichokiita familia. Ya familia nikaipa chmod 2770, ile 2 ya mbele inafanya kila kitakachotengenezwa humo kipewe kikundi cha folda, si kikundi cha aliyekitengeneza. Ya kwangu na ya kwake 700: mwenyewe tu. Nikamwambia kwa mbwembwe, "Mume wangu, hii ni yako, hakuna anayeingia." Akafurahi. Akahamishia makaratasi yake yote humo.

Nilimdanganya. Si kwa kukusudia, ila nilimdanganya. Ile 700 inawazuia wote isipokuwa root, na mwenye sudo nyumba hii ni mmoja.

Kama miezi miwili iliyopita kulikuwa na kipindi Baba Neema amekuwa kimya. Simu anapokelea nje. Mshahara umeingia, matumizi hayaonekani. Nyie wasomaji mnaniandikia mambo haya kila siku na mimi huwa najibu kwa ushujaa: kaeni chini mzungumze. Usiku mmoja saa tano, yeye kalala, mimi niko sebuleni naangalia masasisho ya bibi. Vidole vikaandika vyenyewe: sudo ls /home/baba. Nikaifuta. Nikaiandika tena. Nikabonyeza.

Ikaja orodha. Vyeti, mkataba wa kazi, picha za gari ambalo hatuna. Na folda moja: MKOPO.

Sikuifungua. Siwaambii hivi ili mnisifu, maana jina lenyewe lilitosha kuninyima usingizi. Mkopo gani? Wa nini? Na nitamuulizaje bila kusema nimejuaje? Nikaanza kutunga, eti nijifanye nimekuta karatasi kwenye suruali. Saa tisa usiku bado natunga.

Halafu nikakumbuka kitu. Sudo ina kumbukumbu. Kila ukiitumia inaandika: nani, tarehe, saa, dakika, na amri yenyewe neno kwa neno. Nikafungua journalctl nikaiona pale, jina langu na nilichofanya. Ningeweza kuifuta? Mwenye sudo anaweza karibu kila kitu. Nilikaa muda mrefu nikiitazama ile mistari, na kiukweli kilichoniogopesha si kukamatwa, maana Baba Neema hata hajui kama kumbukumbu hiyo ipo. Nilijiona navyotaka kuwa mtu wa kufuta.

Asubuhi, kabla ya chai, nikamletea laptopu mezani. Nikamwonyesha ule mstari. Akausoma mara mbili. "Kwa hiyo muda wote huu ulikuwa unaweza?"

"Ndiyo."

"Na ulisema hakuna anayeingia."

"Nilisema."

Akaondoka kwenda kazini bila chai. Mchana mzima hakuna ujumbe. We acha tu, sijawahi kuiona Ijumaa ndefu namna ile. Jioni akarudi, akakaa, akaanza mwenyewe. Mkopo wa Saccos ya kazini, kwa ajili ya ada ya mdogo wake aliye chuo. Aliogopa kuniambia kwa sababu mwaka juzi nilisema maneno makali kuhusu ndugu zake na pesa. Nilisema kweli, sikatai. Tukagombana kidogo, nikiri, maana mkopo ni mkopo na bajeti ni ya wawili. Lakini tuligombana tukiwa tumekaa, siyo mimi sebuleni na yeye kalala.

Baada ya hapo tukabadilisha mambo kwa bibi. Baba Neema naye ana sudo sasa, na nimemfundisha kusoma kumbukumbu. Anaisoma kila Jumapili kama taarifa ya habari, ananikera. Na kila mmoja ana sanduku lake la VeraCrypt alilolitengeneza kwenye laptopu yake na kulifunga kwa nywila yake mwenyewe kabla ya kulihifadhi kwenye seva. Hilo likishafungwa, seva nayo inaona faili moja kubwa lisilosomeka, sudo au bila sudo. Ukisahau nywila imekula kwako, kwa hiyo nywila zote, hata za hayo masanduku, tumeziandika kwenye karatasi, kila mmoja bahasha yake imegundishwa, ziko kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Mmoja wetu akitangulia, mwenzake afungue. Hilo nalo tulibishana, mwisho tukakubaliana.

Musa alipokuja kukagua akatukuta na kosa moja la maana. RAID si nakala ya akiba! Diski mbili zinakuokoa diski moja ikifa, ila ukifuta picha inafutika kote kwa wakati mmoja, na mwizi akibeba mashine anabeba zote mbili. Tukanunua diski ya tatu ya nje, tunanakilisha kwa rsync, na haikai hapa Dar. Iko Morogoro kwa mama mkwe, tunaibadilisha na mwenzake kila tukienda kumsalimia. Kaifunga kwenye kitenge, kaiweka kwenye sanduku lake la chuma na nguo za kanisani. Zile picha kumi na tano za baba zimo.

Akipiga simu anaanza na salamu, halafu anasema, "Mzigo wenu upo, nimeuona leo asubuhi." Nimemwambia mara tatu kwamba hauhitaji kuangaliwa kila siku. Hanisikii. Na hiyo ndiyo itakuwa mada ya mwezi ujao, wakwe, kama nilivyowaahidi.